Kuwashonea nguo na kuwapiga picha wanasesere wa BJD Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila jibu linajitegemea. Jambo likishaelezwa mahali, hatulirudii, tunataja tu namba ya swali.

MSINGI

1. BJD ni mwanasesere gani hasa?

BJD ni kifupi cha Kiingereza cha ball-jointed doll. Ni mwanasesere wa resini ya poliuretani aliyeundwa kwa vipande vinavyoungana kwa viungo vya duara. Lastiki nene hupita ndani ya mwili na kushikilia vipande vyote kwa kulabu zilizo kwenye kichwa, viganja na nyayo. Macho na wigi hubadilishwa. Viganja pia hutoka. Kampuni ya Volks ya Japani ilianza kuwauza mwaka 1999 kwa jina la Super Dollfie, na leo wengi hutoka pia Korea Kusini na China.

Mshonaji akumbuke mambo mawili. Resini haibonyei, kwa hiyo nguo iliyopungua milimita tatu haivaliki hata ukivuta vipi. Pili, kiganja ni kipana kuliko kifundo cha mkono na hakikunjiki, na unyayo vilevile. Maswali mengi ya "kwa nini haiingii" huanzia hapo.

2. 1/3, 1/4 na 1/6 ni vipimo vya nini?

Ni uwiano wa mwanasesere na binadamu. Wa 1/3 huwa na urefu wa sm 55 hadi 65, na wa kiume hufika 70. Wa 1/4 ni sm 40 hadi 45, na wa 1/6 ni sm 25 hadi 30. Hayo ni makadirio tu. Wawili wanaouzwa kama 1/3 na watengenezaji tofauti wanaweza kutofautiana sentimita kadhaa kifuani, kwa hiyo usinunue kiolezo kwa kuangalia uwiano. Angalia vipimo vya mwili.

3. Nianze na nguo gani?

Sketi ya marinda yenye lastiki kiunoni, kisha gauni lisilo na mikono lililofunguka mgongoni, kisha suruali. Koti lisubiri sana. Kama bado hujaagiza mwanasesere, wa 1/3 au 1/4 atakuvumilia kuliko wa 1/6, kwa sababu kitambaa hakipungui unene pamoja na mwili. Poplini ya robo milimita ikivaliwa na wa 1/3 inaonekana kama ya milimita 0.75, yaani karibu na jinzi. Kwa wa 1/6 inakuwa kama milimita moja na nusu, na hapo unamvisha turubai.

VITAMBAA NA VIFAA

4. Kitambaa chepesi kinachofaa kinapatikana wapi?

Biashara Street utapata pamba mpya, kanga, vikoi, leisi na uzi. Eastleigh ina shifoni na satini kwa wingi. Lakini ukituuliza sisi, anza na mitumba, Gikomba au Toi. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi kimeshapungua, kimelainika na kimeacha rangi yake ya ziada kwenye beseni la mtu mwingine. Tafuta mashati ya kiume ya pamba nyembamba yenye mistari midogo, leso za mfukoni, skafu, na tai za hariri, ambazo ukizifumua unapata kitambaa kilichokatwa mshazari tayari. Glavu za ngozi laini ndizo ngozi bora ya viatu. Nguo za watoto wachanga toa leisi na vifungo vyake vidogo.

Mgongo wa shati moja la kiume hutoa blauzi ya 1/3 na masalio, au gauni zima la 1/4. Gauni la 1/3 lenye sketi pana linataka nusu mita.

Jinsi ya kujaribu sokoni: shika ukingo wa kitambaa uache sm 10 zining'inie kutoka kwenye meza ya muuzaji. Zikianguka wima, chukua. Zikibaki zimesimama nje ya meza, sketi yako nayo itasimama hivyo hivyo.

5. Kanga na kitenge zinafaa?

Zinafaa ukichagua kwa jicho kali. Kanga halisi ina upana wa karibu mita moja na nusu na kimo cha mita moja na kidogo, kwa hiyo ya mwanasesere wa 1/3 ni kama sm 50 kwa 37. Ukikata kipande cha hiyo saizi kutoka kwenye kanga ya kawaida, unapoteza pindo, mji na jina, na ua moja linakaa kama sinia kifuani. Kuna njia tatu. Kwanza, kata ndani ya pindo peke yake kama lina vidoti au vikorosho vidogo vinavyojirudia, kisha utumie kama kitambaa cha kawaida cha gauni. Pili, tafuta kisutu, kwa sababu michoro yake ni midogo na imepangika. Uioshe kwa subira, kwani nyekundu na nyeusi ndizo rangi hatari zaidi kwa resini (swali la 6). Tatu, chora kanga nzima kwa uwiano, na pindo zake nne na jina lenye herufi za sm 1, upeleke ichapishwe juu ya pamba nyembamba. Hii ndiyo inayopendeza zaidi kwenye picha.

Kanga mpya ina wanga mwingi. Iloweke na uifue kabla ya kukata, kwani hupungua.

Usifunge fundo. Fundo la kanga kwa mwanasesere huwa kubwa kama ngumi yake. Panga mikunjo, ishikize kwa mishono michache ya mkono, na ufiche kifungo cha kubonyeza chini yake.

Kitenge cha nta mara nyingi ni kizito na michoro yake ni mikubwa. Kinafaa kwa koti au mkoba wa 1/3. Vikoi vinene viache viwe mapazia au mashuka ya mandhari.

6. Nitazuiaje nguo zisimwachie mwanasesere madoa?

Rangi ya kitambaa hupenya kwenye resini, na ikishaingia ndani haitoki yote. Wahalifu wakubwa ni nyeusi, nyekundu, zambarau na jinzi ya samawati iliyokolea. Joto, unyevu na kubanwa huharakisha mambo.

Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni hadi maji ya mwisho yawe meupe kabisa. Kisha lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kiweke juu ya kile cha rangi, upige pasi hadi kikauke. Kikiwa na hata kivuli cha rangi, rudia au ukitumie nje ya bitana tu. Siki na chumvi havizuii rangi za viwandani za siku hizi, hata kama nyanya aliapa.

Hata kitambaa kilichofaulu, usimwache mwanasesere nacho kwa wiki nzima. Mvishe kwanza fulana na soksi ndefu nyeupe, au tia bitana nyeupe. Baada ya picha mvue. Doa jipya la juu juu hutoka kwa sponji ya melamini iliyoloweshwa, ikisuguliwa taratibu. Usisugue uso, utafuta rangi iliyopakwa. Asetoni usiisogeze karibu, maana huyeyusha rangi na kuharibu resini yenyewe.

7. Uzi, sindano na vifungo vya saizi gani?

Weka sindano namba 9, au 11 kwa kitambaa kizito kidogo. Cherehani nyingi za mafundi zina namba 14 au 16, ambazo huacha matundu yanayoonekana pichani. Urefu wa mshono uwe mm 1.5 hadi 1.8, na uzi wa poliesta mwembamba uliopo. Uzi wa jinzi hapana.

Kifungo cha shati la mtu ni karibu mm 11, kwa hiyo cha mwanasesere wa 1/3 kisizidi mm 4. Hivyo ni adimu madukani, lakini Nairobi shanga haziadimiki. Shanga ya namba 8 ina karibu mm 3, ya namba 11 ina karibu mm 2, na zote zikishonwa kwa mstari husomeka kama vifungo. Zifanye mapambo tu, na ufungaji wenyewe uwe wa vifungo vya kubonyeza vya mm 5 au 6. Velkro ni rahisi lakini hunasa wigi na kufumua soksi. Ukiitumia, kata vipande vyembamba vya mm 5 na uweke upande wa ndoano ukitazama mbali na mwili.

KUPIMA NA KUKATA

8. Napima wapi na naongeza nafasi kiasi gani?

Pima kifua, kiuno, nyonga, shingo, bega hadi kiuno, bega hadi kifundo cha mkono, kiuno hadi unyayo, na mzunguko wa kiganja na unyayo sehemu pana zaidi. Pima nyonga mara mbili, amesimama na ameketi, kwani viungo vya paja hutokeza akikaa. Suruali iliyopimwa kwa aliyesimama tu hupasuka kwenye kiti cha kwanza.

Kwa kitambaa kisichovutika ongeza sm 1.5 hadi 2 kifuani kwa wa 1/3, na sm 1 hadi 1.5 kwa wa 1/4. Koti litakalovaliwa juu ya shati lipimwe akiwa amevaa shati hilo.

9. Naweza kutengeneza kiolezo bila kukinunua?

Ndiyo, na hukaa vizuri kuliko vingi vya kununua. Mfunge kiwiliwili kwa nailoni ya kufunikia vyakula, mizunguko miwili. Juu yake bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, vipande vifupi vilivyopandana, bila kubana. Chora kwa penseli mstari wa kati mbele na nyuma, mabega, ubavu, duara la kwapa na kiuno. Kata mstari wa kati mgongoni ukitanguliza ncha butu ya mkasi, vua ganda, kisha ulikate kwenye mistari uliyochora.

Vipande havitalala bapa kifuani. Pale vinapojikunja, kata kuelekea sehemu iliyotokeza hadi vilale, na huo mpasuko ndio dati yako, yaani mkunjo utakaoushona ili nguo ifuate umbo. Nakili nusu moja tu kwenye karatasi, ongeza nafasi ya kuvaa (swali la 8), kisha mm 5 za mshono kwa wa 1/3 au mm 4 kwa wadogo. Shona kwanza kwa kitambaa cha bure.

10. Kiolezo nilichochapisha saiba kimetoka kidogo. Kwa nini?

Mashine ilibana ukurasa uingie kwenye karatasi. Mwambie mhudumu achapishe kwa asilimia 100, na kabla hujalipa pima mraba wa majaribio ulio kwenye kiolezo. Mraba wa sm 5 ukitoka sm 4.8, kila kitu kimepungua kwa asilimia 4. Kwa nguo yako wewe hiyo si kitu, kwa mwanasesere vifungo havitakutana.

11. Nawezaje kupunguza kiolezo cha 1/3 kiwe cha 1/4?

Gawanya kifua cha mwanasesere mpya kwa kifua cha mwanasesere aliyetengenezewa kiolezo. Kwa mfano 21.6 kwa 27 ni asilimia 80. Futa nafasi za mshono kwanza, punguza, kisha uziongeze upya. Halafu kagua urefu, kwa sababu mwili haupungui sawasawa pande zote. Kama bega hadi kiuno limetoka sm 9.6 na mwanasesere ana 10.2, kata kiolezo kati ya kwapa na kiuno, utanue mm 6. Dati na marinda punguza idadi, si upana tu. Marinda manane ya 1/3 yakiwa manne kwa 1/4 yanaonekana sawa.

KUSHONA

12. Cherehani inameza kitambaa mwanzoni mwa mshono. Nifanye nini?

Tundu la bamba la cherehani ya zigizagi ni pana, na kipande chembamba kinasukumwa ndani yake. Anzia kwenye kitambaa taka kisha uingize kazi yako bila kukata uzi, au weka ukanda wa karatasi nyembamba chini na uuchane ukimaliza. Shika nyuzi zote mbili nyuma kwa mishono mitatu ya kwanza. Singer ya zamani ya mkono, inayoshona mshono ulionyooka tu, ni bora kwa kazi hii kuliko mashine nyingi mpya. Tundu lake ni dogo, na unaweza kuzungusha gurudumu mshono mmoja mmoja kwenye kola.

13. Nipige ovaloki ili nyuzi zisifumuke?

Hapana. Ovaloki inakula mm 6 au 7 na kuacha ukingo mnene unaochora mstari nje ya nguo. Tia bitana nzima kwenye kiwiliwili ili mishono yote ijifiche, na sehemu nyingine pitisha tone jembamba la gundi ya kuzuia kufumuka. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi, ila hukakamaa na kuacha kivuli kwenye vitambaa vyepesi. Jaribu pembeni.

Mpangilio wa kazi nao ni muhimu. Mikono ya nguo ipinde na kuishona kwenye kwapa kitambaa kikiwa bado bapa, kisha funga ubavu na mkono kwa mshono mmoja. Ukingoja hadi mkono uwe bomba, hakuna mguu wa cherehani utakaoingia. Piga pasi baada ya kila mshono, si mwishoni.

14. Nguo ni saizi yake lakini haipiti kiganjani au kichwani.

Funika kiganja kwa karatasi ya mkate (ule mfuko wa plastiki wa mkate) au kipande cha stokingi, kisha vuta mkono wa nguo juu yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini karatasi ya mkate bado ipo na inateleza vizuri zaidi. Isipopita, toa kiganja kwenye kulabu ukishikilia lastiki kwa koleo ili isirukie ndani.

Kwa kichwa, fungua mgongo mzima hadi chini ya kiuno. Usitegemee kuvua kichwa kila mara, maana ni mkono wako juu ya uso uliopakwa rangi.

15. Naweza kumpelekea fundi wa mtaani?

Kwa kukunja marinda marefu au kushona mashuka ya mandhari, ndiyo. Kwa nguo yenyewe, labda akiwa mtu wa subira na umlipe kwa saa. Wengi watakuambia "hiyo ni kazi ndogo", kisha wakushonee kwa sindano 16 na nafasi ya mshono ya sm 1.5, kwani ndivyo mikono yao ilivyozoea. Mpelekee vipande vilivyokatwa na mistari ya mshono iliyochorwa, pamoja na sindano yako. Mwanasesere abaki nyumbani.

PICHA NA MANDHARI

16. Mwanga wa Nairobi ni mzuri saa ngapi?

Kati ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na saa mbili asubuhi, au saa kumi na moja hadi jua kuzama. Tuko karibu na ikweta, jua hupanda na kushuka haraka, na ule mwanga wa dhahabu haukungoji upange wigi. Panga kila kitu kabla. Adhuhuri jua liko utosini, macho ya mwanasesere yanageuka mashimo meusi chini ya nyusi, na kwa urefu wetu wa karibu mita 1,800 miale yake ni mikali. Miale hiyo ndiyo hugeuza resini kuwa ya manjano, na umanjano haurudi nyuma. Tumia kivuli kilicho wazi.

Julai na Agosti, wengine wakilalamikia baridi na mawingu, wewe una taa kubwa laini ya bure siku nzima. Oktoba jakaranda zinachanua, na ua moja tu lililoanguka linamtosha wa 1/3 kubeba mkononi.

17. Simu inatosha?

Inatosha. Rudi nyuma utumie lenzi ya mara mbili au tatu. Ukimsogelea kwa lenzi ya kawaida, pua inakua na mwili unasinyaa. Shusha simu hadi usawa wa macho yake, kwani picha inayopigwa kutoka juu ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba hiki ni kitu kidogo. Hali ya kufifisha nyuma hukata nywele za wigi vibaya, kwa hiyo afadhali umweke mbali na ukuta, mita moja au zaidi.

Kwa kamera, lenzi ya mm 50 au 85 kwenye f/4 hadi f/5.6. Ukifungua hadi f/1.8 kwa ukaribu huo, jicho moja litakuwa wazi na jingine ukungu.

18. Macho yanaonekana hayana uhai.

Yanakosa nuru. Weka karatasi ya manila nyeupe mbele yake, chini kidogo ya kidevu, hadi uone kidoti cheupe kwenye kila jicho. Kama bado yanatazama ovyo, fungua kichwa uyageuze kwenye ile gundi laini inayoyashikilia. Yote mawili yatazame mahali pamoja, kando kidogo ya lenzi. Ukipiga juu ya nyasi, uso hupata ukijani kutoka chini, na manila hiyo hiyo ikilazwa kwenye nyasi inaukata.

19. Natengenezaje mandhari ya kibanda au duka la mtaani kwa uwiano sahihi?

Gawanya vipimo halisi kwa tatu, nne au sita kabla ya kukata chochote. Kiti cha sm 45 kinakuwa sm 15 kwa wa 1/3, sm 11 kwa 1/4, sm 7.5 kwa 1/6. Meza ya sm 75 inakuwa 25, 19 na 12.5. Mlango wa mita 2 ni sm 67, 50 na 33.

Mabati ndiyo huwachanganya wengi. Katoni iliyobanduliwa karatasi ya juu na kupakwa rangi ya fedha inapendeza, lakini mawimbi yake yana karibu mm 8, wakati ya bati halisi ni mm 76. Hayo ni ya uwiano wa 1/10. Kwa 1/3 unataka mawimbi ya mm 25: kunja kadibodi nyembamba juu ya vijiti vya duara, moja baada ya jingine. Katoni iache iwe ukuta wa mbali uliofifia.

Kwenye meza ya mama mboga wa 1/3, nyanya ya sm 6 inakuwa sm 2, na nyanya ndogo zile za saladi ziko karibu hapo. Viazi chagua vya ukubwa wa gololi. Majani machanga ya terere yakifungwa kwa uzi ni sukuma. Yanyunyizie maji, kwani hunyauka ndani ya nusu saa.

20. Anaanguka kila nikimwachia.

Lastiki imelegea au viungo vinateleza. Bandika duara la ngozi nyembamba ndani ya vikombe vya magoti na nyonga, huzuia kuteleza. Akisimama, uzito uwe mguu mmoja na goti lirudishwe nyuma hadi likwame. Nje, mfunge kiunoni kwa uzi wa kuvulia samaki ulioshikizwa kwenye mti nyuma yake, nao hauonekani pichani. Upepo mdogo ukiingia chini ya sketi pana unatosha kumlaza kwenye kokoto.

21. Nipigie wapi bila usumbufu?

Karura na Arboretum zina kiingilio na kivuli kizuri. Uliza langoni kuhusu kamera kubwa na stendi kabla ya kuzitoa. City Park ina tumbili waliozoea kupewa chakula na watu, na meza ya mama mboga wa swali la 19 wataiona kabla yako. Pale piga bila matunda, na mtu wa pili ashike mkoba. Katikati ya jiji, soja wa jengo atakuuliza unapiga nini, kwa hiyo omba ruhusa mapema. Kibaraza cha nyumbani chenye mwanga wa kaskazini au kusini hakiulizi maswali.

HALI ZISIZO ZA KAWAIDA

22. Vumbi jekundu limeingia kwenye viungo.

Usifute likiwa na maji. Puliza kwa pampu ya mkono, piga brashi laini kavu, ndipo utumie kitambaa chenye unyevu. Udongo mwekundu ukilowa unapaka rangi, na ukisuguliwa unakwaruza. Pembe za viungo zisafishe kwa pamba ya masikio. Ukilazimika kupiga msasa kwenye resini, lowesha na uvae barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

23. Mwanasesere wangu ana resini ya kahawia iliyokolea. Kuna tofauti?

Madoa ya nguo huonekana kidogo, lakini mikwaruzo huonekana zaidi kwa sababu huwa meupe. Epuka bizimu za mkanda, zipu za chuma na shanga upande wa ndani, na tia bitana kila mahali. Usitumie sponji ya melamini bila kujaribu sehemu iliyofichika, huacha kiwingu.

Kwenye picha, gauni jeupe humfanya apotee gizani kwa kuwa simu hupima weupe. Gusa uso kwenye skrini ili simu ipimie hapo, kisha punguza mwanga kidogo tu hadi leisi ya gauni ionekane tena. Mvishe rangi za krimu, haradali au kijani cha majani badala ya nyeupe kabisa, na uweke manila upande wa uso ulio mbali na dirisha.